Nchi Inayopima Akiba kwa Sikio

Jinsi nilivyofika Mtikiso haitamsaidia mtu. Anayetaka kujua njia na nauli aulize wengine. Mimi nilikwenda kuangalia watu, nikakaa nao siku tisa, na haya ndiyo niliyoyaona. Pale mtakapoona yanafanana na ya kwetu, msinilaumu mimi; sikuyatengeneza, niliyakuta.

Kabla sijaendelea niseme ninaangalia kwa jicho gani. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi na kwenye vitabu vya sheria nilivyoazima kwa makarani wasiojua kwamba havijarudi. Tena sisahau. Nilipokuwa na miaka saba, asubuhi ya sikukuu, nilipewa shilingi tatu na watu watatu tofauti. Majina yao ninayo mpaka leo. Kabla ya saa sita mjomba wangu Shaweji alininyooshea mkono akasema, "Lete nikutunzie." Imepita miaka arobaini na sita. Bado ananitunzia.

Nimepanda majukwaani kudai bei ya pamba, maji ya bomba na mafao ya wazee wa bandari. Watu husema, huyu bwana ana hasira na serikali. Sivyo. Nilianza na mjomba.

Basi niliposikia kuna nchi ambayo akiba ya mtoto ni jambo la dola, ina wizara yake, ina sikukuu yake, sikulala vizuri mpaka nimefika.

Nilifika katika Wiki ya Kutikisa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ukimya. Mafundi seremala wamefunga karakana. Majogoo wamefunikwa matenga. Wanawake wanatwanga mpunga juu ya mikeka miwili ili mchi usisikike. Nilipopiga chafya sokoni, askari alinisogelea kwa vidole vya miguu akaninong'oneza, "Mgeni, utamchosha Mheshimiwa."

Mheshimiwa huyo ni Bwana Tambwe, ambaye cheo chake ni Sikio Kuu. Kazi yake inafanyika siku moja kwa mwaka, na siku nyingine mia tatu na zaidi anapumzisha masikio. Huyapaka mafuta ya nazi ya vuguvugu asubuhi na jioni, huyaziba kwa pamba, na ana mtumishi wa kumweleza maneno ya mke wake.

Sheria yao iko hivi. Mtoto akitimiza miaka sita anapewa kibubu cha udongo chenye mhuri wa nchi, kina upenyo mmoja juu na hakina tundu jingine. Kinakaa juu ya kabati chumbani kwa wazazi, ati kisichezewe. Kukivunja ni kosa. Pesa ya mtoto iliyo nje ya kibubu inaitwa pesa ya utoro, na ikikamatwa haionekani tena. Kila mwaka, Siku ya Kutikisa, mtoto anapeleka kibubu chake uwanjani, Sikio Kuu anakitikisa karibu na sikio lake la kulia, anasikiliza, anatamka daraja. Mlio wa Bati, Mlio wa Shaba, Mlio wa Dhahabu. Mwenye Dhahabu, familia yake haifagii barabara mwaka mzima na mama yake anapewa kiti cha mbele kwenye harusi zote. Mwenye kibubu kisicholia anaandikwa katika Daftari la Wafujaji, na kuanzia siku hiyo kila anachokipata, mpaka afikishe miaka kumi na minane, kinachukuliwa na Ofisi ya Sikio Kuu kikatunzwe.

Niliposikia neno hilo la mwisho, meno yaliniuma.

Na akifikisha kumi na minane? Nilimwuliza mwenyeji wangu, Bi Salme, mjane mpika vitumbua aliyenipangisha chumba cha uani. Akanionyesha ukutani. Pale, ndani ya kioo, palikuwa na cheti chake kimeandikwa kwa wino wa kijani: *Mwenye cheti hiki alilia vizuri.*

"Unarudisha kibubu ghalani kwa serikali," akasema, "unapewa hiki."

"Na pesa?"

"Pesa gani, kaka?"

"Zilizokuwa ndani."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Si ndiyo cheti hicho, kaka yangu?"

Siku ya pili nilikwenda kusikiliza Baraza. Walikuwa na hoja iliyoanza miaka kumi na mmoja nyuma: je, noti inaweza kuwa akiba? Sarafu ya Mtikiso inaitwa kete, na noti inaitwa jani. Jani moja ni kete kumi. Madukani jani linapokelewa bila maneno. Tatizo ni kwamba ndani ya kibubu halilii.

"Waheshimiwa," alisema mzee mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakatika, "mimi nimetikisa jani. Nimetikisa majani mia. Nilisikia nini? Nilisikia mkono wangu! Sasa niambieni, mtoto atajifunza nini kwa kitu kinachonyamaza?"

Wakapiga meza kwa vidole viwili, kwa sababu ya Wiki.

Akasimama mwingine akapendekeza majani yatobolewe na kufungwa njuga. Hoja ikapelekwa kamati. Kamati ndogo ya njuga ikaomba posho. Posho ikapita bila kupingwa, na ilikuwa kwa majani. Nilitoka nje nikacheka mpaka askari wa vidole vya miguu akanifuata tena.

Aliyenirudisha kwenye hasira yangu ni binti wa Bi Salme. Anaitwa Mashavu, alikuwa na miaka kumi, na jina lilimfaa. Anauza ubuyu kibarazani, kifurushi kete moja. Nilinunua viwili. Akapokea kete zangu, na kabla hajazitia popote akachukua kipande cha mkaa akachora mistari miwili nyuma ya mlango.

"Hiyo nini?"

"Deni langu kwangu," akasema. "Kila nikiuza tano, mbili ni za kule ndani. Nazitoa kwanza, kabla sijajua nina njaa. Zinazobaki ndiyo nanunua ubuyu mwingine na kula pipi. Ukisubiri mwisho wa siku uone kilichobaki, hakuna kinachobaki. Nimejaribu."

Nyuma ya mlango mistari ilikuwa mingi, imefungwa kumi kumi kama kuni.

"Mafungu kumi na moja na nusu," nikahesabu.

"Kesho yanakuwa kumi na mbili. Halafu naenda kwa Mzee Mbaruku."

Mzee Mbaruku alikuwa fundi wa mtaa wa pili, miguu imemgomea, na alikuwa na baiskeli nyekundu isiyo na breki ya nyuma. Mashavu aliitaka apeleke ubuyu mpaka mji wa mtoni, ambako kifurushi kinauzwa kete mbili na hakuna anayeutengeneza. Mzee alimwekea bei ya majani kumi na mawili akamwambia mbele yangu, tulipopita kuiangalia: "Mjukuu wangu, mtu wa vyuma chakavu anapita jioni ya Siku ya Kutikisa. Ukimtangulia, ni baiskeli. Ukichelewa, ni masufuria." Mashavu akaigusa kengele. Haikulia. Askari alikuwa ameifunga kitambaa.

Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza hizo kete mia moja na zaidi zinaingiaje katika kibubu kile kidogo.

"Siweki kete," akasema. "Zikifika kumi nabadilisha dukani, napata jani. Nalikunja, nalipenyeza. Jani lina faida mbili, mjomba. Ya kwanza, nikiwa na kete kumi, mpaka adhuhuri nimeshazimaliza kwa pipi. Nikiwa na jani, nikienda dukani wananiambia hawana chenji. Basi tamaa inaisha nikiwa njiani."

Mimi nimesoma vitabu vinne vya uchumi. Hakuna kilichonieleza hivyo.

"Na ya pili?"

Akaangalia nyuma, akashusha sauti. "Kete inateleza kwenye kisu. Unageuza kibubu, unaingiza kisu cha mkate, kete inatembea juu ya kisu inatoka yenyewe. Jani likishakunjuka mle ndani halitoki ng'o. Mwaka jana niliweka kete arobaini. Nilikuwa na mistari arobaini. Baada ya sherehe nikachokoa kwa kijiti cha ufagio chenye ulimbo. Unajua nilivua nini? Kokoto. Nikavua nyingine. Siku tatu navua kokoto."

"Ulimwambia mama?"

"Kibubu kinakaa chumbani kwa mama," akasema. Halafu akaniuliza mimi, "Una mtoto, mjomba?"

"Ninaye. Zaituni. Ana miaka tisa."

"Ana kibubu?"

"Anacho. Cha mbao."

"Kina nini ndani?"

Nikakohoa. Nikamwonyesha ndege.

Lakini mlio wake sasa? Na majani yatatokaje bila kukivunja, hata yeye alisema bado anafikiri. Kibubu chake kilikuwa kimejaa na kilikuwa bubu. Baada ya siku mbili Sikio Kuu angekitikisa, asisikie kitu, na Mashavu angeandikwa mfujaji. Majani kumi na mawili yangefungwa mle ndani mpaka ghalani. Ubuyu wa miaka minane ungekuwa wa Ofisi. Baiskeli ingekuwa masufuria.

Alasiri ile Bi Salme alinifuata uani, mikono imejaa unga.

"Kaka, wewe ni mgeni, siri ya mgeni huondoka naye. Mimi ni mama mbaya. Mwaka jana nilichukua kete za mtoto. Palikuwa na mchango wa harusi, kadi ilishaletwa, ningeuficha wapi uso? Nikaweka kokoto, nilijua nitarudisha. Katika nchi nzima hii yenye watu waaminifu, ni mimi peke yangu."

Nilimwonea huruma. Kesho yake asubuhi nilikwenda kunyolewa. Kinyozi alipomaliza upande mmoja akasimama, akatazama mlangoni, akasema, "Mgeni, kuna jambo linanikaa hapa. Kibubu cha mwanangu wa pili kina vizibo vya soda. Nilikuwa na shida ya kodi. Sijui kwa nini Mungu aliniumba tofauti na wenzangu." Mchana mwalimu mkuu alinikaribisha chai, akafunga dirisha, akanieleza habari za vifungo vya shati. Jioni yule mzee wa Barazani mwenye kanzu ya pasi alinishika mkono nyuma ya ukuta wa ofisi. "Mbegu za mchikichi," akanong'ona, machozi yanamlenga. "Zinalia kuliko kete. Mimi peke yangu, bwana. Mimi peke yangu."

Niliwauliza wote swali moja: kwa nini hukusema? Wote walinijibu jibu moja: na hawa watu wazima wenzangu wanione vipi?

Nilirudi chumbani nimebeba siri za mji mzima kama mtu aliyebebeshwa vyombo vya harusi. Hasira zilinipanda, kisha nikaona afadhali nizifanyie kazi. Nikaazima kitabu cha Sheria ya Vibubu. Kilikuwa na kurasa mia mbili, na nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kuvuka ile ya thelathini, maana zilizofuata zilikuwa bado zimeshikana. Kifungu cha kumi na nne nilikisoma mara tatu, nikamwita Mashavu. Yeye alikisoma mara moja, akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi ya Siku yenyewe Bi Salme aliingia ameshika kiganja cha kokoto zilizooshwa.

"Mwanangu, mbili tu. Za kulia. Sikuombi zaidi."

"Hapana, mama."

"Mashavu, watakuandika! Unajua maana ya kuandikwa? Hata mume hutapata!"

"Mama, sihitaji mume, nahitaji breki ya nyuma."

"Hebu acha mzaha, nakuomba. Mbili tu, mama yangu."

"Mwaka jana uliweka ngapi?"

Kokoto zilianguka sakafuni moja moja. Bi Salme hakuziokota. Alisimama akiwa ameshika kizingiti, na mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Ulijua," akasema mwishowe.

"Nilizivua kwa ulimbo."

"Na mwaka mzima unanimiminia chai!"

"Wewe ni mama yangu," Mashavu akasema. "Lakini kete zilikuwa zangu. Yote mawili ni kweli."

Bi Salme alijifuta uso kwa kanga, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa amejitanda vizuri na kuna kitu kirefu amekificha chini ya kanga. Sikuuliza.

Uwanja ulijaa. Watoto wamevaa nguo mpya, vibubu vimefungwa utepe, wazazi wamesimama nyuma yao wakitoka jasho kuliko jua lilivyodai. Bwana Tambwe aliketi juu ya jukwaa, pamba imechomekwa masikioni, na mkutano mzima ukanyamaza alipozichomoa. Karani wa Daftari aliketi kulia kwake na kalamu mbili.

Watoto wakaanza kupita. *Kacha kacha.* "Shaba!" *Krrr krrr.* "Bati, lakini lina matumaini!" Kila daraja likitamkwa, mzazi alishusha pumzi na kupangusa shingo. Alipopita Mize, binti wa Sikio Kuu mwenyewe, ambaye alikuwa amechukua Dhahabu miaka mitatu mfululizo, mlio wake ulikuwa kama gari la mawe linamwaga. "Dhahabu!" akalia baba yake, na machozi yakamtoka kwa ufahari.

Ikaja zamu ya Mashavu.

Bwana Tambwe alitikisa. Akasogeza. Akabadilisha sikio, jambo ambalo wazee walisema halijatokea tangu mwaka wa nzige.

"Binti," akasema, "humu hamna kitu."

"Mheshimiwa una hakika?"

Watu wakaguna. Hakuna aliyewahi kumwuliza Sikio kama lina hakika.

"Nina masikio haya miaka ishirini na mbili! Kitupu!"

"Kitamke rasmi, Mheshimiwa. Na karani aandike, apige na mhuri."

"Mtoto huyu ana adabu gani?" mtu akasema nyuma yangu. Lakini Bwana Tambwe alikuwa amechokozwa. Akasimama wima akatangaza kwa sauti ya kuvunja Wiki nzima: "Kibubu cha Mashavu binti Salme ni kitupu! Kiandikwe!" Karani akaandika, akapiga mhuri. Kalamu ya pili, ile nyekundu ya Daftari la Wafujaji, ikainuliwa.

Hapo nikasogea mbele. Naomba mnisamehe, jukwaa ni ugonjwa wangu. Nikafungua kitabu nikasoma kifungu cha kumi na nne kama kilivyo: *Chombo ambacho Sikio Kuu amekitamka kuwa kitupu si kibubu bali ni chungu, na mwenye chungu ana ruhusa na chungu chake.*

"Ni kweli kipo hicho?" Bwana Tambwe akamwuliza karani pembeni.

"Mheshimiwa, kurasa zile zilikuwa zimeshikana."

Mashavu aliweka chungu chake chini mchangani. Akatafuta jiwe kwa macho. Bi Salme akapita katikati ya watu, akatoa kitu kile kirefu chini ya kanga, na kilikuwa mchi wa jikoni kwake.

"Huu hapa, mwanangu," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mwaka jana nilikuibia. Piga."

Pigo lilikuwa moja. Vigae vikaruka, na katikati yake yakafumuka majani kumi na mawili, yamejikunja kama vitoto vya ndege vilivyoamshwa.

Bwana Tambwe aliyanyooshea kidole. "Hiyo si akiba! Haikulia! Karani, andika mfujaji!"

"Mheshimiwa," Mashavu akasema huku anaokota jani moja baada ya jingine na kulikung'uta mchanga, "kama hizi ni pesa, basi niliweka akiba, usiniandike. Kama si pesa, basi ni makaratasi yangu ya kuchezea. Niache niende nayo, na mtu hawezi kufuja makaratasi. Chagua moja. Mimi nina haraka, kuna mtu wa vyuma."

Kalamu nyekundu ilibaki hewani. Nadhani karani yule bado anaona aibu ya mkono wake.

Nyuma kidogo mtoto wa kinyozi akapaza sauti. "Na mimi nitamkie kitupu!" Mwingine, "Na mimi!" Halafu wote kwa pamoja, watoto mia tatu wakivinyanyua vibubu vyao juu, "Kitupu! Kitupu! Kitupu!" Na ndipo nilipoyaona maajabu ya Mtikiso: wazazi wote, kwa wakati mmoja, waliruka kukumbatia vibubu vya watoto wao. Mwalimu mkuu alikilalia cha mwanawe. Mzee wa kanzu ya pasi alikimbia na cha mjukuu wake, mjukuu anamfukuza, kanzu imekunjika kwa mara ya kwanza tangu ishonwe.

Bwana Tambwe peke yake ndiye aliyesimama kwa kujiamini. "Tulieni! Nitawaonyesha akiba ya kweli ni nini. Mize, lete Dhahabu yetu!"

Nilimwona mke wake akimvuta kanzu, akimwambia neno. Mtumishi wa kumtafsiria hakuwepo, alikuwa anamfukuza mwanawe. Sikio, hata bila pamba, halikusikia. Lilichukua mchi lenyewe, likapiga.

Zilitoka kokoto. Vikatoka vizibo, misumari, nusu ya bawaba ya mlango, meno mawili ya kitana. Na mwisho ukatoka ufunguo wa shaba wenye kamba nyekundu, ambao Bwana Tambwe aliutambua, kwa kuwa ulikuwa wa kasha la Ofisi na ulipotea miaka miwili nyuma, na vijana wawili walifukuzwa kazi kwa ajili yake.

Mize alichuchumaa akapekua ile takataka. "Baba, kete zangu ziko wapi?"

Akamtazama mke wake. Mke akatazama angani. "Nilidhani wewe ndiye uliyezichukua zote," mke akasema, "mimi nilichukua nusu tu."

Aliyeanza kucheka ni kinyozi. Alicheka peke yake kwanza, kwa hofu, kama mtu anayekohoa msibani. Kisha akamwelekea mwalimu mkuu akasema, "Vizibo! Na wewe?" Mwalimu akajibu, "Vifungo," akafunika uso, mabega yanamtetemeka. "Mchikichi!" mzee akapiga kelele kutoka mbali, bila kuulizwa. Uwanja mzima ukalipuka. Majogoo waliofunikwa matenga wakaitikia. Nimehudhuria maandamano na nimehudhuria uhuru, lakini sikumbuki watu wazima waliofurahi vile kwa kugundua kwamba wao si wabaya kuliko jirani.

Mimi sikufurahi kama wao, na niliwaambia hivyo. Nilipanda ile meza ya karani. "Mmecheka, vizuri. Sasa rudisheni!"

Mashavu hakungoja hotuba yangu. Alikuwa ameshafunga majani yake kwenye pindo la nguo na anakimbia. Nilipomkuta kwa Mzee Mbaruku, mtu wa vyuma alikuwa ameshaishika baiskeli usukani, na mzee ameshika kiti, wanavutana.

"Amefika! Amefika mwenye mali!" mzee akafoka. "Toa mikono yako, bwana masufuria!"

Akahesabu majani mara mbili, akarudisha moja. "Hili la breki," akasema. Mashavu akafungua kile kitambaa kwenye kengele. Akaipiga, *kring*, barabara nzima ikageuka. Bi Salme alikaa nyuma kwenye keria akijifanya anaogopa, na wakateremka mtaa wakipiga mayowe, maana breki ilikuwa bado haijanunuliwa.

Baraza lilikutana kesho yake na kuazimia kwamba mlio wa siku ile haukusikika rasmi. Kamati ndogo ya njuga iliongezewa posho. Lakini asubuhi hiyo nilipopita mtaani nikiwa na mkoba wangu, nilisikia sauti ndogo ikitoka katika kila nyumba, *ti, ti, ti*: watu wazima wanarudisha kete, moja moja, na watoto wamekaa mbele yao na vipande vya mkaa, wanachora.

Nilirudi nyumbani. Zaituni hakuwepo, alikuwa shuleni. Nilisimama mbele ya kabati kwa muda mrefu. Kisha nikakishusha kile kibubu cha mbao nikakitikisa. Kililia vizuri sana. Kwa mlio ule Bwana Tambwe angenipa Dhahabu.

Mniache niseme, kwa kuwa nimewasema wengine. Miaka miwili iliyopita nilitoa pesa za mwanangu kwa kisu cha mkate nikalipia nauli. Nilikuwa nakwenda mkutanoni kuhutubia juu ya viongozi waliokula akiba ya wafanyakazi. Nilishangiliwa. Mle ndani niliweka vizibo vya soda, na nilijua nitarudisha.

Zaituni aliporudi nilikuwa nimeshaazima nyundo na nimeshauza redio.

"Baba, unafanya nini na kibubu changu?"

"Piga hapa," nikamwambia, "kisha nikwambie."

Alipiga. Aliviangalia vizibo, akaniangalia mimi. Nikamwekea mezani pesa yote, noti kubwa, na nyongeza juu yake kwa kuchelewa, nikamweleza habari za Mashavu, mkaa, na wauza duka wasio na chenji. Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akachora nyuma ya mlango mistari yake, taratibu, akihesabu kwa midomo.

Halafu akageuka akanitazama mfukoni, ambako zilibaki sarafu chache za ile redio. Akaninyooshea mkono.

"Na hizo, baba," akasema. "Lete nikutunzie."

Nikampa zote. Akachora mistari mingine pembeni, na juu yake akaandika jina langu.